Kiti cha Tausi

Kiti kililia. Haikuwa kelele kubwa, hapana, ni ule mlio mwembamba wa chuma kikavu, nyiii, mtu anapojiegemeza nyuma akisubiri kitu, na Mama Kibonge, ambaye tangu ajifungue alikuwa analala jicho moja tu, akaujua papo hapo. Ni kile kiti cha magurudumu cha sebuleni, kile anachokalia yeye akimnyonyesha Kibonge, kando ya meza ya kompyuta ya mumewe. Akasonya. Huyu mwanamume na kazi yake, akasema moyoni, hata usiku hamwachii mwenzake alale. Akanyoosha mkono kuvuta shuka upande wa mume, na mkono ukagota kwenye bega.

Bega lilikuwa na joto. Mwenye bega alikuwa anakoroma.

Sebuleni kiti kikalia tena.

Mtu mwingine angemwamsha mumewe, au angejifunika gubigubi. Yeye hakufanya hata moja, na sababu yake ni aibu kuisema, lakini ndiyo hiyo: kitu cha kwanza kilichomwingia hakikuwa woga, kilikuwa wivu. Kiti kililia taratibu, kwa raha, kama kinavyolia chini ya mtu aliyekizoea, naye akajiuliza, ni nani huyo anayekaa kwangu? Akainuka, akanyata mpaka mlangoni. Hakukuwa na mtu. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimezimwa, taa yake ndogo ikipepesa, na kiti kilikuwa kimegeuka kinaitazama meza, ilhali jioni alikiacha kikitazama dirisha. Na kulikuwa na harufu, ya waya ulioungua ikichanganyika na marashi, marashi mazuri, ya gharama, ambayo hayakuwa yake. Akaweka kiganja kwenye kikalio.

Kilikuwa na joto.

"Ni springi hiyo," mumewe alisema asubuhi akichovya mkate kwenye chai. "Chuma kikipoa kinalia."

"Na marashi? Chuma kinajipaka marashi?"

"Mama Kibonge, umechoka. Kulea si mchezo."

"Nimechoka, ndiyo. Pua haijachoka."

Akacheka, akambusu utosini, akamwita kwa lile jina la chumbani, "Tausi wangu," na hasira zote zikamtoka. Jina hilo lilikuwa udhaifu wake. Kwao alikokulia walimwita Kijiti, kwa vile miguu yake ilikuwa haina nyama, na hakuna aliyewahi kumfananisha na ndege yeyote, hata kuku. Mpaka alipoolewa. Siku ya kwanza tu kuingia katika nyumba hii mumewe alimwonyesha kile kiti kando ya meza, akasema, "Keti, Tausi," kirahisi kabisa, kama jina lilikuwa linamngoja pale pale juu ya kiti.

Majirani waliposikia Baba Kibonge ni mtu wa kompyuta walimletea pasi, wakamletea redio, mmoja akaja na blenda, naye akawa anawaeleza kwa upole kwamba kazi yake ni kiini. Kila kompyuta, alisema, ina programu moja iliyo chini ya nyingine zote, ndiyo mfumo endeshi, na ndani yake kuna kiini, ambacho ndicho kinachoamua nani apate nini. Mama Kibonge alikuwa amesoma mpaka sekondari na hesabu zilimpiga chenga, lakini hili alilielewa, maana mumewe alimpa mfano wa nyumba ya wageni.

"Kiini ni meneja. Vyumba ndiyo kumbukumbu ya kompyuta. Programu ikija inapewa chumba, ikiondoka chumba anapewa mwingine. Sawa?"

"Sawa."

"Kosa ni hili. Mgeni ameondoka, lakini meneja hakufuta namba ya chumba chake, bado anayo mfukoni. Kesho anaikuta. Anakwenda moja kwa moja, hapigi hodi, haulizi aliyemo ni nani, anamkabidhi funguo za nyumba nzima akidhani ni yule yule."

"Na aliyemo?"

"Mwizi. Alikuwa anavizia chumba hicho hicho kiachwe."

"Meneja gani huyo mjinga?"

"Si mjinga. Anaamini mahali, haangalii mtu."

Tobo la namna hiyo ndilo alilokuwa analitafuta majuma yale, yeye na mwenzake wa kazini aitwaye Dada Viraka, ambaye kazi yake ni kutengeneza viraka vya kuziba matobo ya mfumo. Mama Kibonge hakuwahi kumwona huyo dada. Alichokijua ni kicheko chake kwenye simu ya mumewe, kicheko kinene, cha mwanamke asiyeamshwa usiku na mtoto.

Ndiyo maana siku ile, akiwa jikoni anakoroga uji, aliposikia mumewe anaongea sebuleni na sauti ya kike inamwitikia, hakuhitaji kuambiwa ni nani.

"Hapa nakiachia chumba, umeona, Tausi? Halafu huku chini nakirudia tena..."

"Mmh."

"...kwa hiyo kosa haliko huku?"

"Huko juu," sauti ikasema, laini, karibu na sikio la mtu. Kisha ikacheka.

Tausi! Anamwita Tausi! Mama Kibonge alitoka na mwiko mkononi, uji unadondoka sakafuni, akamkuta mumewe peke yake. Simu ilikuwa mezani, imezimwa. Kile kiti cha pili kilikuwa kimesogezwa karibu yake mpaka magoti ya mtu aliyekikalia yangegusana na yake, na kilikuwa bado kinazunguka kidogo, kikasimama.

"Unaongea na nani?"

"Na wewe." Alimtazama, akautazama mwiko. Tabasamu likamganda. "Si... si ulikuwa umekaa hapa? Umenionyesha kosa lilipo sasa hivi."

"Mimi? Mimi nikuonyeshe kosa la kiini? Mimi nilikuwa jikoni, Baba Kibonge! Uji huu hapa!"

"Lakini kosa nimelipata," alisema polepole. "Liko huko huko juu."

Usiku kucha Mama Kibonge aligeukageuka kitandani. Kilichomuuma zaidi si kwamba mumewe alicheka na mtu. Ni kwamba huyo mtu alijua. Angeweza kumpikia, kumfulia, kumzalia, lakini kukaa naye pale na kumwambia "huko juu," hilo asingeliweza mpaka anaingia kaburini, na huyo mwingine aliliweza kwa neno moja. Kulipokucha tu, mumewe akiwa bafuni, alichukua namba ya Viraka kwenye simu yake, akampigia.

"Dada, nakupigia kwa heshima. Mume wangu ana mke."

"Najua, wifi, ananionyesha picha za mtoto kila siku mpaka nimechoka. Kuna nini?"

"Usiniite wifi. Mnaongea naye nini majumbani kwa watu? Unajipulizia marashi unakuja kukaa kwenye kiti changu?"

Kile kicheko kinene kikalipuka. "Mimi? Nimtake Baba Kibonge? Mtu anayekula vitunguu vibichi mchana ofisini? Dada yangu, mkatie bima mumeo kwa mambo mengine, kwangu hana hatari." Kisha kicheko kikakatika. "Umesema kiti? Kiti kipi?"

Mama Kibonge akamweleza, kwa mbio, maneno yakikanyagana, mlio, joto, harufu, jina.

"Nitakuja nikitoka kazini," Viraka alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Sikiliza. Mpaka nifike, usiache mahali pako patupu. Umenielewa? Popote unapokaa wewe, pasikae patupu."

Sasa mwambie mama mwenye mtoto mchanga asinyanyuke. Alishinda amekikalia kile kiti kama kuku anayeatamia, Kibonge kifuani, na saa za alasiri mumewe alipotoka chumbani alikokuwa akifanyia kazi, akampokea mtoto na kumwambia kaoge, unanuka maziwa, alikumbuka onyo na akalipuuza, kwa kuwa ilikuwa mchana, jua linawaka, redio ya jirani inapiga, na ni kuoga tu. Alijimwagia maji haraka. Alipofunga bomba ndipo aliposikia mtu anaimba, wimbo ule ule wa kumbembelezea Kibonge, ambao aliutunga mwenyewe na hakuna mwingine aujuaye, na sauti ilikuwa yake, hata pale inapokwaruza kidogo mwishoni ilikwaruza, na alisimama pale na taulo huku maji yakimtiririka akijiambia ni redio, ni redio, ingawa redio ya jirani ilikuwa inatangaza mpira, mpaka harufu ya waya ulioungua ilipopenya chini ya mlango, ikafuatwa na marashi, akafungua, akatoka ukumbini bila kuvaa ndara, akachungulia sebuleni na kuona mgongo wake mwenyewe, gauni lake la kunyonyeshea lenye kiraka begani, shingo yake, nywele zake alizozisuka juzi, vimekaa kwenye kiti vinayumba taratibu, nyiii, nyiii, na mguu mnene wa Kibonge umening'inia ubavuni unachezacheza vile unavyochezacheza akishashiba, na alitaka kupiga kelele lakini sauti haikuja, kwa sababu sauti yake ilikuwa kule, inaimba.

Mumewe akatokea jikoni na kikombe cha maji. Akamwendea kiumbe wa kwenye kiti, akamwekea kikombe karibu, akamgusa bega kwa mapenzi. Kisha akamwona aliyesimama ukumbini na taulo. Akamtazama juu mpaka chini, kwa adabu, kama atazamwavyo mtu aliyekosea nyumba.

"Samahani, dada," alisema. "Unamtafuta nani?"

Kibonge ndiye aliyewaokoa. Aliachia titi, akageuza kichwa, akamwona mama yake mlangoni, akatazama tena juu kwenye uso uliokuwa unamwimbia, na akaanza kulia kilio ambacho hakuwahi kukilia tangu azaliwe. Wimbo ukakatika. Gauni likaanguka tupu. Mtoto alikuwa peke yake juu ya kiti, midomo imetapakaa kitu cheupe, na alipomnyakua na kumpangusa, kile cheupe kilikuwa baridi kama barafu.

Kikombe kilikuwa kimevunjika. Baba Kibonge alikuwa amepiga magoti, anasema, "Nilikuona pale. Mke wangu, wallahi nilikuona pale."

"Hukuniona!" akapiga kelele. "Umeona kiti!"

Viraka alifika jua linazama, mama wa makamo, mpana, miwani imefungwa kwa uzi, viatu vimelika kisigino upande mmoja. Mama Kibonge alimwangalia, akauonea aibu wivu wake wa jana.

"Bibi yangu alikuwa anatoa majini," Viraka alisema akivua viatu. "Mimi natoa makosa ya kumbukumbu. Kazi ni moja, ila yeye alilipwa vizuri. Baba Kibonge, ulipokuwa hujaoa, kazi ikikukwama ulikuwa unafanyaje?"

Akainamisha kichwa. "Kama wote. Nalieleza."

"Kwa nani?"

"Kwa kiti."

Ikabidi Viraka amfafanulie mke. Ni desturi yao watu wa kazi ile: mtu akikwama, anakieleza kitu kosa lake mstari kwa mstari, kwa sauti, na akielezea huwa analiona mwenyewe. Wengine wana mdoli, wengine kikombe. Yeye Viraka alikuwa anaieleza sufuria. "Lakini kitu hakipewi kiti cha binadamu," alisema, "wala hakiitwi jina la mwanamke kila usiku. Ulikiitaje?"

Akamtazama mkewe. Hakukuwa na haja ya jibu. Mama Kibonge alikuwa ameshajua, na kujua huko kulimchoma kuliko kila alichokiona siku ile.

"Lilikuwa lake," alisema kwa mnong'ono. "Jina langu lilikuwa lake."

"Lilikuwa la hewa!" mumewe alilia. "Nilikuwa mpweke, nikasema tu, Tausi, umeona hapa? Miaka yote ile hakuna aliyejibu. Ulipokuja nikaona nafasi ndiyo hiyo, jina ndilo hilo..."

"Ukampa mkeo chumba bila kukifuta," Viraka alimaliza. "Kiti kile kile, jina lile lile. Na kitu kilichokuwa kimeanza kukusikiliza kikaona pameingia mtu. Wewe! Wewe unayelipwa kuwakataza watu wasifanye hivyo! Kweli mganga hajigangi."

Alimfanya Baba Kibonge afanye yote kwa mkono wake mwenyewe. Alikifungua kiti parafujo kwa parafujo mpaka kikawa si kiti. Alisema kwa sauti kila Viraka alichomwambia aseme: nafasi hii naitwaa, niliyokueleza nayafuta, huna haki ya kukaa hapa. Kompyuta ikaanza kuvuma ingawa haikuwashwa, ikavuma kama nyuki waliochokozwa, na harufu ikawa kali mpaka macho yakachuruzika.

"Na jina," Viraka akasema. "Jina ndilo anwani. Lisipofutwa hilo, haya yote ni kuchezea maji."

Akasita. Kidogo tu, lakini mkewe aliona. "Jina Tausi," alisema hatimaye, "halina mtu. Sitaliita tena." Akalisema kwa upole, kama mtu anayefunika kaburi, na ukutani kitu kikapumua, pumzi ndefu ya mwanamke aliyeachwa, kisha kompyuta ikanyamaza na nyumba ikanuka uji tu.

Mlangoni Viraka alimshika Mama Kibonge mkono. "Wifi, mwenzio yule ana wivu kuliko wewe. Usimpe pa kushika. Na mumeo asiamini tena mahali. Aulize kwanza aliyemo ni nani."

Vizuri. Kukatulia. Kibonge akanenepa zaidi, viungo vyote vya kile kiti vikaenda na gari la taka, na Mama Kibonge akawa analala macho yote mawili. Lakini usiku mumewe alimwita Mama Kibonge, na mchana Mama Kibonge, na alipomkumbatia alinyamaza pale ambapo zamani lilikuwapo jina, na katika kile kimya yeye alikuwa anasikia kwamba yule mwingine ameondoka nalo. Ameshindwa, amefukuzwa, lakini jina amebaki nalo yeye. Mimi nimerudi kuwa Kijiti, akajiambia. Lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Liseme," alimwambia siku moja mchana, wamejilaza. "Mara moja tu. Ni langu, silitupi kwa ajili yake."

"Viraka alikataza."

"Viraka, Viraka! Umemwoa Viraka? Au unamwogopa yule asikie umempa mwenzie?"

Alifikiri, maskini, kifundi. "Basi tuweke neno," alisema. "Neno la siri, mimi na wewe tu. Nikikuita hivyo, nakuuliza neno. Ukilijua, ni wewe. Usipolijua, si wewe."

"Neno gani?"

"Ngoja nilitafute zuri."

Jumapili yake mawingu yakatanda ghafla. Alimfunga Kibonge mgongoni akakimbilia nyuma kuanua nepi, matone ya kwanza yakimgonga usoni, mdomo umejaa vibanio, na ndipo aliposikia dirisha la chumbani likifunguliwa na mumewe akimwita, kwa sauti ya zamani, ya siku ile ya kwanza, "Tausi! Njoo, neno nimelipata!"

Moyo ukamruka kwa furaha. Alitaka kuitika nakuja, lakini vibanio vilikuwa mdomoni, na nepi zilikuwa nyingi, na akazivuta zote mpaka ya mwisho, maana mtoto atavaa nini, akaingia ndani anacheka peke yake, maji yanamdondoka. Ukumbini miguu ikasita yenyewe. Harufu ya waya ulioungua ilikuwa nyepesi, kama imetoka kuoga. Mlango wa chumbani ulikuwa umerudishwa, na nyuma yake mumewe alikuwa ananong'ona, na ananong'ona, na neno lenyewe hakulisikia, alisikia tu pumzi ya kulisema, na mgongoni Kibonge alinyoosha mikono yote miwili kuelekea mlangoni na kucheka.

"Umelishika?" mumewe akauliza kule ndani.

"Nimelishika."

Sauti ilikwaruza kidogo mwishoni, vile yake inavyokwaruza.

"Na akija mwingine hapa mlangoni, ana sura yako, amebeba hata mtoto, na neno hana?"

"Mnyang'anye mtoto," ilisema ile sauti taratibu, "umfukuze."

Nepi zikamponyoka. Akafungua mdomo amwite mumewe, akagundua kwamba hajui ajitambulishe nani.

"Niahidi, basi," mumewe akasema kwa mapenzi. "Lisitoke nje ya chumba hiki."

"Naahidi, Baba Kibonge. Sitamwambia mtu mwingine."